WASIWASI SI UCHAMUNGU: Nasaha kwa Wanaowashauri Wenzao

Ndugu zangu wa Malaz, wa Riyadh nzima, wa Jeddah na popote mlipo ugenini, na nyinyi ndugu zetu msio Waislamu, mada ya leo inawahusu nyote.

Leo nataka kusema hasa na wewe ambaye simu yako hailali. Wewe ustadhi wa darsa, wewe mama mkubwa wa jumuiya, wewe katibu wa chama cha kusaidiana, wewe dada ambaye kila mgeni akifika mjini anaambiwa, "Ukipata shida mpigie fulani." Huku ugenini hatuna mshauri aliyesomea kwenye kila mtaa. Washauri wetu ndio nyinyi, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini yapo maradhi ambayo kwa maoni yangu tunayalea kwa mikono yetu wenyewe huku tukidhani tunasaidia. Waarabu wanayaita waswas qahri, yaani wasiwasi unaomlazimisha mtu. Madaktari wanayaandika kwa herufi tatu, OCD. Sisi tunasema tu "ana wasiwasi", na kwa sababu neno hilo tunalitumia kwa kila kitu, maradhi yenyewe yanatupita mbele ya macho.

YANAVYOONEKANA KWETU

Mifano hii si ya mtu mmoja unayemjua, lakini nina hakika utasema umeshamwona.

Dada anafanya kazi za ndani. Adhuhuri ikiingia anakwenda kutawadha, anatoka baada ya dakika 40. Mikono imepauka na kupasuka kwa maji na sabuni. Akifika kwenye mswala anapiga takbira, anaivunja, anaipiga tena mara 10, kwa kuwa hana hakika kama nia ilikaa moyoni. Madamu anagonga mlango. Anamwona mvivu. Siku nyingine anamsikia akinong'ona na kuhesabu peke yake, na anaanza kufikiria uchawi. Ndugu zangu, mnajua nchi hii tuhuma ya uchawi ina uzito gani.

Kaka mmoja dereva yuko Jeddah. Makka ni kama kilomita 80 tu, basi kila wiki anavaa ihramu. Watu wanamsifu, mashaAllah, kijana wa Umra. Hawajui kwamba anarudia Umra ile ile ya mwezi uliopita. Alipotufu alishuku kama ule ulikuwa mzunguko wa 6 au wa 7, akaongeza, akashuku tena. Sasa anaamini ihramu yake ya kwanza haijafunguka na kila alichofanya tangu siku ile ni haramu.

Mwingine ana mke Mombasa. Kila akikata simu anajiuliza kama ametamka neno la talaka bila kujua. Amewauliza mashekhe 9. Wote wamemwambia mke wake ni mke wake. Kesho atamtafuta wa 10.

Mama amejifungua juzi, yuko ghorofa ya nne. Kila akipita karibu na dirisha linamjia wazo la kumtupa mtoto. Anatetemeka. Ameacha kumbeba, anamwachia mwenzake, na hamwambii mtu sababu.

Na ndugu Mkristo, kila akifumba macho kuomba zinamjia picha chafu na matusi juu ya Mungu. Anarudia sala toka mwanzo mpaka usingizi umkimbie. Ameamini amelaaniwa.

Watu hawa watano wana maradhi mamoja.

NI NINI HASA?

Maradhi haya yana sehemu mbili. Ya kwanza ni wazo, picha au shaka inayomvamia mtu bila yeye kuitaka, na inamtisha au kumchukiza. Ya pili ni kitendo anachokifanya ili ile hofu ipoe: kuosha, kurudia, kuhesabu, kukagua, kuuliza, kutubu tena na tena. Kitendo kinampa nafuu ya dakika chache. Kisha shaka inarudi na nguvu zaidi, kwa sababu akili imeshafundishwa kwamba ile hatari ilikuwa ya kweli na kitendo ndicho kilichomwokoa. Hapo mtu anazunguka kama ng'ombe wa kinu.

Si maradhi adimu. Katika watu 100, mtu 1 hadi 3 hupatwa nayo wakati fulani wa maisha. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, wakati mwingine baada ya kujifungua au baada ya msukosuko mkubwa. Hurithika kwa kiasi fulani ndani ya ukoo. Hayatokani na udhaifu wa imani wala na malezi mabaya.

Na maradhi haya hushika kile ambacho mtu anakithamini zaidi. Anayempenda mtoto wake hushikwa kwa mtoto. Mcha Mungu hushikwa kwenye ibada. Ndiyo maana tafiti zilizofanywa mashariki ya Saudia (1991) na Misri (1994) zilikuta mambo ya sala, tohara na dini yakitajwa sana na wagonjwa. Tusidhani dini ndiyo inayoleta maradhi. Asiye na dini hushikwa na vijidudu, gesi ya jikoni au kufuli la mlango. Mwaka 2020, wakati wa Korona, wengi wa hao walionekana watu wenye busara kuliko sisi sote, mpaka amri za usafi zilipolegezwa na wao wakashindwa kuacha.

Wala si jambo jipya lililoletwa na Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya miili na nafsi, Masalih al-Abdan wal-Anfus, na humo ametenga mlango mzima juu ya wasiwasi wa nafsi na namna ya kuutibu. Mwaka 2015 watafiti Rania Awaad na Sara Ali walilinganisha maelezo yake na vigezo vya madaktari wa leo wakakuta yanakaribiana sana. Ibn Qudama naye, aliyefariki mwaka 1223, aliandika kitabu kizima cha kuwakanya wenye wasiwasi wa udhu na sala. Kwa Wakristo, Ignatius wa Loyola alipokuwa Manresa mwaka 1522 aliteseka kwa kuungama dhambi zile zile tena na tena bila kupata utulivu.

MASWALI YA KUULIZA

Mtu akikujia, usianze na hukumu wala na daawa. Kaa naye faragha, kisha muulize taratibu:

1. Je, kuna wazo au shaka inayokujia mara kwa mara, huitaki, na huwezi kuifukuza?
2. Je, kuna jambo unalolirudia ili moyo utulie, hata la moyoni kama kuhesabu au kusema maneno fulani?
3. Kwa siku yanakula muda gani? (Yakifika saa moja au zaidi, au yakiharibu kazi, ndoa au usingizi, hilo ni suala la daktari.)
4. Ukijizuia kurudia, unahisi nini?
5. Je, kuna mahali, watu au vitu umeanza kuvikwepa? Kisu, msikiti, mtoto, choo cha kazini?
6. Moyoni mwako, unaona kwamba jambo hili limepita kiasi?

Swali la mwisho wengi hujibu ndiyo, kwa aibu. Hiyo ni alama kubwa, ingawa wapo walioshikika mpaka hawaoni tena. Lakini akikwambia kwamba anasikia sauti za watu wasiokuwepo, au kwamba kuna mtu anamtia mawazo kichwani kwa mitambo, hayo yanaweza kuwa maradhi mengine na daktari atazamwe mapema. Na usimchanganye na mtu mwenye hofu za kawaida za ugenini, anayewaza deni, ikama au mama mgonjwa nyumbani. Huyo anawaza shida iliyopo. Mwenye maradhi haya anapigana na shaka ambayo haina mwisho hata ukimpa ushahidi.

KOSA LETU KUBWA

Hapa ndipo penye maoni yangu, na najua wengine hamtayapenda.

Kosa letu kubwa ni kujibu. Naam, kujibu. Dada anakupigia: "Ustadhi, udhu wangu umesihi?" Unamwambia umesihi. Baada ya nusu saa anapiga tena: "Lakini sikusema kwamba tone liliruka." Unamjibu tena, kwa upole, kwa dalili. Usiku anakutumia sauti ya dakika 7. Unaona unafanya thawabu. Kumbe wewe umeshakuwa sehemu ya kitendo cha kurudia, kama lile bomba la maji. Kila jibu linapoza dakika chache na kuikuza shaka ya kesho. Mwenye wasiwasi wa talaka hana upungufu wa fatwa. Anazo 9.

Kosa la pili ni kinyume chake: "Acha tu, huyo ni shetani, jikaze." Angeweza kuacha tu angekuwa ameshaacha. Ukimwambia hivyo anaondoka na mzigo wa pili, kwamba imani yake ni dhaifu.

Kosa la tatu ni kumpeleka kwenye kisomo peke yake na kumzuia hospitali. Sisemi kisomo na dua viachwe, hasha. Muumini anaomba katika kila hali. Nasema visichukue nafasi ya tiba, na tena tuangalie visije vikageuka kuwa kitendo kingine cha kurudia, mtu akisoma mara 70, akakosea herufi, akaanza upya.

Na dini yenyewe inasemaje? Msingi wa fiqhi unaojulikana na kila mwanafunzi wa madrasa ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mtume (S.A.W) alimfundisha anayeshuku kuwa udhu umemtoka asiiache sala yake mpaka apate uhakika ulio wazi. Masahaba walipomlalamikia kwamba yanawajia mawazo ambayo ni mazito hata kuyatamka, hakuwalaumu. Aliwaambia kule kuyachukia ni dalili ya imani. Uthman bin Abil-As aliposhtaki kuvurugwa katika sala yake, hakuambiwa airudie sala. Na wanazuoni wamepambanua baina ya mtu anayeshuku mara moja kwa bahati na yule anayeshuku kila sala; huyu wa pili ameamrishwa aipuuze shaka yake. Kwa hiyo mshauri anayemwambia mgonjwa "rudia kwa ajili ya tahadhari" hamsaidii kidini wala kiafya.

SASA UFANYE NINI?

Kwanza, yape maradhi jina. Mwambie: "Hili lina jina, wengi wanalo, na lina tiba." Kwa mtu aliyekaa miaka 8 akidhani amelaaniwa, maneno hayo peke yake yanaweza kumtoa machozi.

Pili, apate jibu moja kutoka kwa mtu mmoja. Achague shekhe mmoja anayeaminika, aulize mara moja, jibu liandikwe kwenye karatasi. Likishaandikwa halijadiliwi tena. Akikupigia mara ya pili, usimkatie simu na usimjibu swali. Sema hivi: "Dada yangu, hili tulilimaliza juzi. Leo ni maradhi yanayouliza, si wewe. Nitakaa na wewe kwenye simu mpaka hofu ishuke, lakini jibu sitatoa." Mzungumzie mambo ya nyumbani, watoto, mchele umepanda bei. Hofu ikiachwa bila kulishwa hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe. Akiona hivyo mara chache kwa macho yake, atakuwa amejifunza kitu ambacho fatwa 100 zisingemfundisha.

Tatu, ujue tiba yenyewe ili umtie moyo. Tiba ya mazungumzo inayofanya kazi zaidi kwa maradhi haya ilianza na Victor Meyer, London, mwaka 1966. Mgonjwa anakaribishwa hatua kwa hatua kwenye kile anachokiogopa, kisha anazuiwa asifanye kile kitendo cha kupoza. Mtaalamu anapanga naye ngazi, kutoka jambo la hofu ndogo mpaka kubwa. Kwa mwenye wasiwasi wa udhu ngazi inaweza kuwa hivi: wiki ya kwanza kutawadha huku mlango wazi na saa inaonekana, wiki ya pili dakika 5 basi, kisha kutawadha kwa chupa moja ya maji ya kunywa ya mililita 600, yakiisha yameisha. Kumbuka Mtume (S.A.W) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha mudi, ambacho hakifiki lita moja. Kisha takbira moja tu, na sala isivunjwe hata shaka ikipiga kelele. Hapana haja ya kumfanyisha jambo la haramu. Tunampunguzia ziada, tunamrudisha kwenye ibada ya watu wote. Kazi ya kupanga ngazi ni ya mtaalamu. Yako wewe ni kusimama naye. Usimlazimishe kuruka ngazi.

Nne, sema na wanaoishi naye. Wenzake wa chumba wakimfulia mara tatu, wakimwapia kwamba mlango umefungwa, wakimngoja saa nzima nje ya choo, wanayalisha maradhi bila kujua. Wapunguze kidogo kidogo, kwa makubaliano naye, bila kejeli.

Tano, funga mdomo. Usimtangaze kwenye makundi ya simu hata kwa nia ya kumwombea dua. Sauti yake aliyokutumia usiipeleke kwa mtu mwingine. Malaz ni pakubwa, lakini Waswahili wa Malaz ni wachache, wanajuana.

MAWAZO YA KUDHURU

Hili nalitenga kwa kuwa hapa ndipo mtu anaweza kupoteza kazi, au uhuru wake.

Dada anayelea mtoto wa watu akikwambia "yananijia mawazo ya kumchoma mtoto kisu", usiruke. Muulize: Mawazo hayo unayapenda au yanakutisha? Umewahi kutaka kumdhuru kweli? Una hasira naye? Unafanya nini yakija? Mwenye maradhi haya atakwambia yanamtisha kupita kiasi, anaficha visu, anamkwepa mtoto, analia. Wazo kwake ni mwiba. Halimpi hamu ya kudhuru, na kuogopa wazo si sawa na kupanga tendo. Basi usimpeleke akaungame kwa madamu kwanza. Mpeleke kwa daktari, na mkalimani asiwe mwajiri wake. Mwandikieni kwenye karatasi kwa Kiarabu maneno mawili, waswas qahri, na mengine: mawazo yananijia, siyataki, yananiogopesha. Sentensi moja ikitafsiriwa vibaya inaweza kumharibia maisha.

Lakini ukisikia sauti inamwamrisha, au ana mpango, au ni mzazi mpya asiyelala kabisa na maneno yake yamechanganyika, usimwache peke yake na mtoto na mwende hospitali saa ile ile. Na kila mgonjwa muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo, kunamfungulia mlango. Akisema ndiyo, kaa naye, ita 997 ya Hilali Nyekundu.

HOSPITALI NA DAWA

Wengi wetu tukisikia hospitali ya akili tunaingiwa na hofu. Ondoeni hofu. Mgonjwa wa aina hii kwa kawaida anatibiwa na kurudi nyumbani siku ile ile. Pigeni 937, namba ya Wizara ya Afya, saa 24, muulizie pa kwenda. Mwenye bima ya kazini asome mkataba wake au aulize kama unagharamia daktari wa nafsi. Ukifika, sema "waswas qahri" na mengine daktari atauliza.

Dawa zinazotumika ni kama fluoxetine, sertraline na fluvoxamine. Hazilevyi wala si za kulala. Kwa maradhi haya dozi mara nyingi huwa kubwa kuliko ya msongo wa huzuni, na matokeo huhitaji wiki 8 hadi 12. Wengi wetu tunaacha wiki ya tatu tukisema haifai. Zisikatwe ghafla bila daktari. Ramadhani isiwe kisingizio, kwani nyingi humezwa mara moja kwa siku, na daktari anaweza kukupangia wakati wa futari au daku. Mjamzito au anayenyonyesha amwambie daktari mapema. Na usiagize dawa kwa mgeni wa Umra kwa kuwa "fulani zilimfaa".

Anayerudi nyumbani likizo ajue pia kuna msaada: Muhimbili Dar es Salaam, Mirembe Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja, Mathari Nairobi, Butabika Kampala. Lakini asingoje likizo ikiwa ni ya miaka miwili ijayo.

NENO LA MWISHO

Ndugu yangu mshauri, najua si rahisi kumnyima jibu mtu anayelia. Sisi tumelelewa kwamba mwenye shida hujibiwa. Lakini mpishi anayempenda mgonjwa wa sukari hampi halua kwa kuwa ameomba. Leo usiku simu ikilia na swali likawa lile lile la jana, pumua, mkaribishe kwa jina lake, ukae naye bila kujibu. Kesho mtafutie daktari, na ikibidi mfuatane naye mpaka mlangoni.

Na wewe mwenye maradhi haya ambaye umesoma mpaka hapa ukijiona mwenyewe: hukulaaniwa, na hupungukiwi imani. Unaumwa, na maradhi haya yana tiba. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo.

Nasaha hizi hazichukui nafasi ya daktari. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, wa hapa na wa nyumbani. Amin.

Wabillahi tawfiq.